Nimemzika Mume Wangu na Barua Yake Iko Mfukoni

Mpendwa Shangazi Alaso,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na naomba usiitupe barua yangu kwenye kapu kabla hujafika mwisho, maana nimesoma safu yako tangu niko msichana kwetu Mundika na najua jinsi unavyogombeza watu, na mimi nimekuja nikiwa tayari kugombezwa, ila unigombeze na dawa mkononi. Naomba msaada. Mume wangu anarudi nyumbani tarehe kumi na mbili Disemba kwa likizo ya wiki tatu, na hapa nyumbani kwake, hatua ishirini kutoka mlango wetu, kuna kaburi lake, limeshatiwa saruji, na jina lake limeandikwa kwa msumari kabla saruji haijakauka, na aliyeandika ni mimi.

Wacha nianze mwanzo ndio uelewe. Niliolewa hapa Port Victoria mwaka wa tisini na mbili na Jacktone, fundi wa injini za boti, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri, injini ikikataa kuwaka bichi yote inaita yeye. Mimi naanika omena, dagaa wa huku, na kuuza. Hatujajaliwa mtoto lakini tulikaa vizuri, hajawahi kuniinulia mkono, na Jumapili tulikuwa tunaenda kanisani pamoja. Halafu mwaka jana lile gugu la maji likaingia likafunika ghuba yote, boti hazitoki, injini hazifanyi kazi kwa hiyo haziharibiki, na Jacktone akawa anakaa juu ya boti iliyogeuzwa kutoka asubuhi, anaangalia yale majani ya kijani na hasemi kitu, na mtu wa maneno mengi akinyamaza unajua kuna jambo. Alipoanza kuongea tena alikuwa anaongea habari ya Wageni.

Wageni unawajua, wewe uko Amagoro na Malaba ni hapo tu kwako. Sisi huku tulikuwa tunasikia, kwamba walishukia kile kiwanja nyuma ya trela zinazongoja kuvuka mpaka, kwamba ni warefu na hawana shingo na ngozi yao lazima ilowe kila wakati, kwamba vumbi linawaumiza lakini wana adabu na wanapanga laini kama watu wengine, na kwamba wanachukua wanaotaka wenyewe, hawalazimishi mtu, wenye kazi ya mikono, waende wakaishi nao kwao ambako wanasema ni maji kila mahali. Mwanzoni watu walisema hiyo ni mauti tu imevaa nguo nyingine. Baadaye ikawa ni kama kuvuka kwenda Uganda, ukiuliza fulani yuko wapi unaambiwa ameenda kwa Wageni, na mazungumzo yanaendelea.

Januari mwaka huu Jacktone aliniambia anaenda Malaba kuangalia injini ya mtu, atarudi kesho yake. Alibeba begi la spana peke yake na koti lake zito akaliacha msumarini, na mimi nikasema moyoni mtu anayeacha koti anarudi. Siku ya nne mama mmoja anayepeleka samaki Malaba akaniita pale sokoni mbele ya watu, kwa jina wanaloniita hapa la binti wa Mundika, "Haki Nyar Mundika, mbona hukutuambia bwanako anasafiri? Nimemuona kwa laini ya Wageni, amenyoa ndevu, anasalimia kila mtu kama ako harusi!" Watu wakacheka. Shangazi, mume akizama ziwani unaliliwa. Akienda kwa mwanamke mwingine unaambiwa pole na huyo mwanamke anatukanwa. Lakini mume akichagua mwenyewe kuiacha dunia, na hiyo dunia ni wewe uko ndani yake, watu wanakuangalia kutoka juu hadi chini wakijiuliza wewe ni mke wa namna gani.

Nilivumilia. Mwisho wa Februari redio ikasema chombo kimoja kilichoondoka Malaba hakikufika, na ndani yake kulikuwa na watu kumi na mmoja wa Busia. Majina hayakutolewa kwa sababu Wageni hawaandiki jina, wanachukua alama ya kiganja kwenye ubao, na ubao ulikuwa umesafiri pamoja na watu. Basi kila aliyekuwa na mtu wake ameondoka tangu Mwaka Mpya akajua ni wake. Jirani yangu Sheilah, mume wake aliondoka wiki moja na Jacktone, yeye aliagwa, alimsindikiza hata mpaka Malaba. Tulilia pamoja. Nataka uamini kwamba huo mwezi nililia kweli, nilikuwa silali, nilikuwa nikishika spana iliyobaki nyumbani naanza tena.

Tarehe ishirini Machi nikaitwa Malaba, kwa ofisi ya Wageni. Pale kuna karani, Mteso wa kabila lenu, anaitwa Okiror, na nyuma yake Mgeni alikuwa amekaa miguu ndani ya karai la maji, ametulia. Okiror akanisukumia karatasi, akasema, "Mama, hii ni ya kwako. Weka kidole hapa, na chunga usimwage hiyo maji yake." Mgeni akainua mkono, nami nikainua wangu, ndivyo wanasalimia. Ilikuwa barua ya Jacktone, mwandiko wake kabisa, kwa karatasi yao ile laini isiyolowa. Anasema hakupanda chombo cha Februari. Alishikwa na homa pale Malaba, akalala wiki nyingi kwa rafiki yake, akapanda cha Machi na amefika salama, kazi iko, maji yao hayana gugu. Anasema, "Nisamehe sikukuaga, ningekuaga ungenishika." Anasema nafasi yangu iko, nijitayarishe.

Furaha ilinishika kutoka mlango wa ofisi mpaka barabarani. Barabarani nikasimama. Nilikuwa nimemlilia mtu ambaye alikuwa amelala hapo Malaba, mwendo wa nusu siku kutoka kwangu, anakunywa uji wa watu, na redio ilipotangaza alisikia kama sisi tulivyosikia, na hakutuma hata salamu ya mdomo na dereva wa boda boda. Hasira iliyonishika hapo, Shangazi, haijaniachia mpaka leo naandika. Nilifika nyumbani nikaiweka barua kwenye mfuko wa ndani wa lile koti lake, nikafunga kifungo, na sikumwambia mtu.

Mei, baba mkwe wangu mzee Onyuka akaja kwangu na fimbo yake, akakataa kiti. Akasema, "Nyar Mundika, mtoto wangu analala nje kwa baridi. Mtu hawezi kukosa kaburi kwao. Tutatafuta yago." Wewe ni Mteso, wacha nikueleze. Hawa wakwe zangu ni Wajaluo, na mtu wao akipotea mwili usipatikane, wanachukua tunda la mti wa yago, lile refu zito, wanalifunga nguo na kulizika mahali pake na matanga kamili, ili roho itulie na waliobaki waendelee na maisha. Hiyo ndiyo siku ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema, "Sawa, baba."

Wakazika wawili wiki hiyo, tunda la Jacktone na tunda la mume wa Sheilah. Katekista alisema ataombea marehemu lakini tunda hataliombea, wakakubaliana hivyo. Nikanyolewa kichwa. Na kwa desturi yao mjane anavaa nguo ya marehemu, kwa hiyo mama mmoja wa pale nyumbani akaingia ndani akatoka na koti, lile lile. Nilisimama kando ya kaburi la mume wangu nimevaa koti lake na barua yake iko kifuani kwangu, na kila nikiinama naisikia pale. Sheilah alikaa na mimi mkeka mmoja siku zote za matanga, tunakula sahani moja, ananishika mkono. Alikuwa ananiambia, "Angalau sisi tuko wawili."

Na nikuambie yote kwa sababu nimeshaanza. Ilikuwa vizuri. Watu waliacha kucheka. Sokoni nilipewa nafasi, bichi nikaachiwa mwamba mzuri wa kuanikia, na yule mama wa Malaba alikuja akalia magotini kwangu. Nilikuwa mtu tena. Sikufikiria mbele. Sikufikiria kwamba mjane wa huku lazima arithiwe, na sasa mdogo wake Jacktone, anaitwa Methuselah, mtu mpole hana neno na mtu, ameambiwa na baba yake achukue nyumba, na ameshaleta nyasi za kuezeka paa langu, na akishaezeka hapo mambo yameisha, mimi ni wake. Mke wake ameacha kuitikia salamu yangu.

Oktoba nikaitwa Malaba tena. Barua ya pili. Jacktone amepewa likizo, anafika Malaba tarehe kumi na mbili Disemba, ananibebea kitu, na fomu yangu hii hapa ameituma mbele, niweke kiganja, kwa sababu chombo kitarudi Januari na kutoka hapo hakuna kingine mpaka miaka tisa. Anamsalimia baba. Hajui kitu. Na mzee Onyuka alishasema siku moja tukinywa chai, akiongea mambo ya zamani tu, kwamba mtu aliyezikwa akirudi akapita getini kabla hajatengenezwa na wazee kwa mila, lile kaburi litadai mtu wa kuingia, na mzee haongei mchezo.

Sasa nifanye nini? Nimwandikie asije? Nimngoje Malaba nimdanganye baba yake amehama? Niweke kiganja kwa fomu, nipande naye Januari, nisiuone tena uso wa mzee wala wa mtu yeyote wa hapa? Ama nichimbue lile tunda mwenyewe nitupe ziwani niseme ni fisi? Na hata hiyo safari yenyewe sijui, kuna siku naitaka, nasema huko hakuna anayejua kama niliachwa, na kuna siku nakumbuka zile wiki za Malaba na natamani angekuwa ndani ya chombo cha Februari kweli, halafu natubu. Nisaidie, siku zinaisha.

Ni mimi,
Mwenye Koti, Port Victoria

SHANGAZI ALASO ANAJIBU

Mwenye Koti,

Fisi hali yago, kwa hiyo hilo la fisi liache hapo hapo.

Kwanza nikupe haki yako, kwa sababu naona hakuna aliyewahi kukupa. Hasira yako ina msingi. Mwanamume kulala Malaba wiki nzima, na nyingine, na nyingine, redio inasema watu wamepotea, naye anajua kuna mwanamke nyumbani anasikiliza redio hiyo hiyo, na hatumi neno, huyo amekukosea sana. Mimi niko Malaba kila siku ya soko. Ningejua yuko hapo ningemtoa kwenye mkeka wake kwa sikio, homa na yote. Na ile ya "ningekuaga ungenishika" ni maneno ya mtu anayetaka asamehewe kabla hajaulizwa. Ndiyo, ungemshika. Kazi ya mke ni nini?

Hapo nimemaliza kukubembeleza.

Sasa wewe. Ulitaka kumwacha Jacktone. Usinitolee macho, soma barua yako mwenyewe. Ulitaka kumwacha siku ile uliyosimama barabarani Malaba, lakini uliogopa kuitwa mwanamke aliyeachwa, ukaona ni afadhali uitwe mjane, kwa hiyo ukamuua, kwa kufunga kifungo kimoja cha koti. Dada yangu, ukitaka kumwacha mwanamume, mwache akiwa hai. Mkalishe chini, mwambie usoni, akasirike, ulie, mgawane masufuria. Haipendezi, lakini watu hufanya kila siku. Ujane haujichukulii mwenyewe kwa sababu unaheshimiwa sokoni. Ule mwamba wa kuanikia uliachiwa na wanawake waliodhani umefiwa. Urudishe.

Usimwandikie asije. Nyumba si yako peke yako, ni kwa baba yake, na huyo mzee amezika mtoto akiwa hai na amekuwa akipita kando ya hilo kaburi kila asubuhi tangu Mei akienda kufungua ng'ombe. Hilo hukuliandika. Uliandika fimbo yake na maneno yake mazito, ukamfanya ni mtu wa kuogopwa tu. Ni mzee anayelia mtoto, na wewe una dawa yake mfukoni miezi sasa.

Utakwenda kwake mchana, ukiwa umebeba barua zote mbili na koti. Usitume mtu. Usianze na "nimepata habari njema", maana hiyo itakuwa uongo wa pili juu ya wa kwanza. Anza na "Baba, nilijua tangu Machi." Kisha nyamaza, umwachie aseme anachotaka kusema, na kama atakufukuza nenda kwa mama yako Mundika siku mbili, urudi. Atakuita. Ana kazi ya kufanya kabla ya tarehe kumi na mbili na hawezi kuifanya bila wewe.

Kuhusu kaburi, mimi ni Mteso na kwetu hatuziki tunda, kwa hiyo sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Nilimwendea mzee mmoja Mjaluo, mlinzi hapa kwenye ofisi za serikali Amagoro, nikamuuliza bila kutaja jina. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Mama, unafikiri hii ilianza na hao watu wa karai? Vita ya Wazungu ilipoisha, watu walirudi kutoka Burma wakakuta wamezikwa kitambo, mmoja mpaka alikuta mke wake amezaa wawili. Tulikuwa tunatengeneza. Iko namna." Iko namna, umesikia? Namna yenyewe hakuniambia na mimi sikuuliza, hayo ni ya wazee wenu. Alichosema ni kwamba mwenye kaburi asikaribie geti mpaka wazee wamwite, na kwamba tunda lisiguswe na mtu mmoja aliyejificha na jembe. Kwa hiyo mwandikie Okiror leo. Namjua, ni mtu mwelewa. Amwambie Jacktone akifika akae Malaba mpaka aitwe. Ana uzoefu wa kulala Malaba, hiyo haitamshinda.

Methuselah na nyasi zake, hilo ni dogo. Mwambie mke wake kwanza. Atakuja kukusaidia kuziondoa.

Sasa hiyo safari. Wengi wananiandikia wakiniuliza kama kwenda kwa Wageni ni dhambi, na mimi huwajibu kwamba sijaona mahali imekatazwa. Wanaotaka kuondoka waondoke. Nimeishi karibu na ile laini miaka mitatu, nimeona walimu, mafundi, mama mmoja mshonaji na cherehani yake kichwani, na wengi walikuwa wanajua wanachokifuata. Lakini nimeona pia wale ambao hawafuati kitu, wanakimbia tu uso wa mtu nyumbani. Wageni hawawaulizi tofauti. Wanachukua kiganja, basi. Kwa hiyo nakuuliza mimi. Ukipanda Januari ili usiuone uso wa mzee Onyuka, utafika huko na mtu mmoja tu wa kuongea naye, na huyo ndiye uliyemkasirikia.

Jambo la kumuuliza Jacktone ni hili hapa. Wewe unaanika omena. Hiyo ndiyo kazi yako, ndiyo iliyowalisha nyinyi wawili mwaka mzima gugu lilipofunga ghuba, ingawa hukujisifu. Huko kwao ni maji kila mahali. Muulize, "Nitaanika wapi?" Umuulize hivyo tu, na umtazame. Akiwa na jibu, hata la kijinga, hata akisema amekutafutia jiwe moja lililo juu ya maji akalipima kwa miguu, basi huyo mtu alikufikiria wewe, na mnaweza kuanza kuongea. Akibaki anafungua mdomo na kufunga, ujue alifikiria nafasi iliyo wazi, na nafasi iliyo wazi inajazwa na mtu yeyote. Miaka tisa haijalishi. Usiweke kiganja kwenye hiyo fomu kabla hujamuuliza, na usiichane pia.

Nilikuwa nifunge hapo. Lakini nimesoma barua yako tena, na kuna mtu umemtaja tangu mwanzo mpaka matanga, na ulipofika kwenye maswali yako hukuuliza hata moja juu yake.

Sheilah.

Mume wake alikuwa kwenye chombo cha Februari. Yeye hana barua mfukoni. Tarehe kumi na mbili, au siku yoyote wazee watakayomwita Jacktone, mtu aliyezikwa wiki moja na mume wake, kwa tunda la mti huo huo, atateremka barabarani Port Victoria akiwa na begi na ndevu zimenyolewa. Unafikiri Sheilah atafikiri nini? Atafikiri yago limekosea. Atafikiri wake yuko kwenye gari linalofuata. Atakwenda kukaa barabarani, na kesho yake atakwenda, na hakuna mtu atakayeweza kumwambia arudi nyumbani, kwa sababu atakuwa amemuona Jacktone kwa macho yake. Utakuwa umemfanya afiwe mara mbili mwanamke aliyekula nawe sahani moja.

Kwa hiyo hutaanzia kwa mzee. Utaanzia kwa Sheilah. Nenda nyumbani kwake, kaa kwenye mkeka ule ule, umpe barua aisome mwenyewe ajue mume wako hakupanda chombo cha Februari, hakurudi kutoka kwa wafu. Mwambie tarehe uliyoipata. Ataelewa maana ya tarehe. Kama atakutoa nje, tokea mlangoni polepole, na kesho mpelekee maji. Alikuambia mko wawili, na wewe uliitikia.

La mwisho ni la gazeti. Jibu hili nakutumia kwa bahasha, peke yako. Halitachapishwa mpaka uniandikie kwamba umesema kwa wote wawili. Nimebadilisha majina, lakini usijidanganye, makaburi ya yago ya mwaka huu Port Victoria yanahesabika kwa vidole. Sitaki mtu asome habari zake kwenye karatasi iliyofungiwa sukari. Ukikaa kimya mpaka Disemba, na mimi nitakaa kimya, na utajua kwa nini.

Ni mimi shangazi yako,
Alaso

Kwa wasomaji: kadi ilifika Jumanne, imeandikwa kwa penseli pande zote mbili. Nainakili ilivyo.

"Shangazi, nimesema. Nilianzia pale uliponiambia. Mzee Onyuka baadaye alikaa mpaka chai ikapoa, nikafikiri ataniinulia fimbo, kisha akauliza kama kwa barua Jacktone anasema anakula vizuri. Akatuma waitwe wazee wengine wawili. Jacktone atangoja Malaba. Nyasi zimeondolewa, na mke wa Methuselah ameniletea maziwa. Koti nimelirudisha msumarini. Fomu iko chini ya godoro na haina kiganja changu, swali la omena nimeliweka tayari. Sheilah hakunitukana. Nilimwambia tarehe, akahesabu, nikaona anahesabu siku za matanga. Nilingoja anifukuze. Akaniomba aishike barua. Aliisoma, halafu akaigeuza upande ambao hauna maandishi, akawa anaipapasa na kidole. Akasema, 'Kumbe karatasi yao iko hivi.'"